Mwaka na nusu na finishingi ya nyumba yangu: nini ningerudia, nini ningeng'oa hata leo

Watu wengi wanasifia vitu vya finishingi siku ile ile fundi anakabidhi funguo, sakafu inang'aa, hakuna aliyepiga deki hata mara moja, sa hapo utajuaje kibovu ni kipi? Mi naandika baada ya mwaka na nusu, watoto wawili, ndoo za maji zisizohesabika na ukuta wa korido ambao kila anayepita lazima aushike sijui kwa nini.

Naanza na balbu maana ndo zilizonitesa kuliko vyote na ndo kitu nilichokipa dakika tano tu za maisha yangu. Rangi ya sebule nilichagua dukani kwenye vile vikadi, nikapata kakrimu fulani kenye ukijivu kwa mbali, katulivu, mke wangu kakubali bila ugomvi, jambo ambalo si la kila siku. Ukuta ukapakwa, usiku tukawasha taa, jamani! Sebule nzima ina rangi ya plasta ya kidonda. Nikamgeukia fundi rangi nikamwambia umenichanganyia kopo jingine, naye akanijibu kwa upole, "Bosi, toka nalo nje kesho asubuhi ulifungue." Nikatoka nalo. Ni rangi ile ile ya kwenye kikadi, haijapungua wala kuzidi.

Kumbe dukani mule wamewasha taa zile nyeupe kali za 6500K, mwanga unaoelekea kwenye ubuluu, na kwangu fundi umeme kafunga za 3000K ambazo ni za njano. Hiyo namba yenye K imeandikwa kwenye boksi la kila balbu ya LED, mi nilikuwa naangalia wati tu. Ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikipanda unakuwa mweupe halafu unaanza kuwa wa baridi kama wa wodini. Kuna na namba nyingine inaitwa CRI, mwisho wake ni 100, inakwambia taa inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani, balbu nyingi za kawaida ziko 80 na kidogo na ukipata ya 90 kwenda juu utaona tofauti kwenye mbao, nguo, hata sura za watu. Nikabadilisha sebule yote nikaweka 4000K zenye CRI ya 90 na ukuta ukarudi kuwa ule niliouchagua, bila kununua hata lita moja ya rangi. Hizo balbu nazipa tano juu ya tano. Ila msije mkafanya kama mimi pale mwanzo nilipobadilisha nusu nikaacha nusu, dari moja nyeupe ikawa na rangi mbili kama imevuja.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza rangi gani nzuri namwambia sijui, nunua kopo dogo, paka kwenye kipande cha gipsamu kilichobaki, kama futi mbili kwa mbili, uwe unakihamisha ukuta hadi ukuta, asubuhi, mchana, na usiku ukiwa umewasha balbu utakazoishi nazo.

Korido nilipaka rangi ya silki yenye mng'ao kidogo kwa sababu inafutika, na kweli inafutika, mikono ya watoto inatoka na kitambaa chenye maji ya sabuni. Chumbani kwetu niliweka ile isiyong'aa kabisa, ukiisugua sana panabaki doa linalong'aa peke yake, bora ungeacha uchafu. Shida ya mng'ao ni kwamba unaumbua skimming, ile lipu laini ya kusawazisha ukuta kabla ya rangi. Mi nilipanga vitaa vya dari karibu kabisa na ukuta ili mwanga uteremke vizuri kama kwenye picha, ukateremka kweli, na kila wimbi aliloacha fundi likaonekana kama bahari. Mchana ukuta umenyooka, usiku una mawimbi. Ukitaka taa za hivo, kagua skimming na tochi ukiilaza ubavuni mwa ukuta kabla rangi haijapanda, alafu uwe na roho ngumu ya kumrudisha fundi kwenye msasa.

Haya, sakafuni. Marumaru zenyewe sina ugomvi nazo, isipokuwa nilinunua kwa vipimo kamili bila ziada, zikapungua maboksi mawili, nikarudi baada ya wiki tatu nikapewa jina lile lile ila namba ya toleo kwenye boksi ni nyingine. Dukani zilifanana. Kwenye sakafu hazifanani, ndo maana mlango wa chumba cha wageni siku zote uko wazi, unafunika pale nyuma. Chukua ziada ya asilimia 10 siku ile ile na usome maboksi yote kabla hayajapakiwa kwenye gari.

Ila kilichonifanya niandike haya yote ni grauti, ile ya kujazia mistari kati ya marumaru. Nilikaa wiki tatu nachagua marumaru, grauti nikamwambia fundi weka yoyote nyeupe! Jikoni nyeupe ile ilidumu siku tisa hivi. Grauti ya simenti ina vinyweleo, inakunywa kila kinachomwagika, basi sehemu tunayosimama mbele ya jiko ikawa kahawia, pembeni ikabaki nyeupe, unaona kabisa ramani ya tunapopita. Nimekwangua yote nikaweka ya epoksi, ile ya makopo mawili unachanganya, rangi ya kijivu. Matokeo ni mazuri mno, hainywi maji wala mafuta, leo ina miezi kumi na moja na iko vile vile. Lakini si kitu cha kumpa fundi anayejifunzia kwako. Ikishachanganywa inaanza kukaza, unatakiwa ufanye kieneo kidogo, ufute, ndo uendelee, na wangu wa kwanza akapaka jiko zima akaenda kupiga simu nje. Aliporudi marumaru zimeshika utando kama ukungu na tuliutoa kwa siku mbili na dawa yake maalum. Epoksi nne juu ya tano, fundi yule simpi kitu. Na kama unapenda mistari isionekane, usiishie kwenye kuchagua rangi ya grauti, kubaliana na fundi upana wa vile vimsalaba vya plastiki vinavyowekwa kati ya marumaru kabla hajaanza, milimita 2 na milimita 5 ni sakafu mbili tofauti.

Kitu kidogo pembeni hapo hapo, kona za bafuni. Fundi kaziziba na grauti, nikamuuliza silikoni je, ile ya kuzibia inayovutika kama mpira, akasema bosi grauti inatosha. Miezi sita ufa mwembamba ukafuata kona yote, maana ukuta na sakafu haviendi pamoja na grauti haivutiki. Sasa kuna silikoni, iko poa. Ila ile yenye harufu kali ya siki usiitumie nyuma ya kioo, ina asidi inayokula ule mpako wa nyuma, mi nna madoa meusi mawili ya ushahidi.

Skatingi za MDF, vile vibao vya chini ya ukuta vya unga wa mbao ulioshindiliwa, hapana. Vyumbani zimekaa safi, lakini mlangoni kwa bafu imevimba chini kama mkate uliolowa, rangi imebanduka. Pale nimekata vipande vya marumaru nikaweka badala yake.

Mwisho vishikio vya kabati. Vya zamani vilikuwa vyembamba vinakata vidole, nikaona vipya vizuri vya shaba iliyopauka, vizito, ukivishika vina ubaridi fulani hivi mtamu, vimeandikwa inchi 5. Matundu yangu ni milimita 128 kutoka katikati hadi katikati, kipimo cha kawaida kabisa cha kabati. Inchi 5 ni 127. Milimita moja tu! Kwenye milango nililazimisha skrubu zikaingia kwa ubishi, kwenye droo za juu mbao ni nene, zikagoma. Kupanua matundu nimesema nitafanya wikiendi tangu mwezi wa pili, na rula ya milimita naitunza kwenye droo hiyo hiyo isiyo na kishikio, tunaifungua kwa kisu.