Bangkok na baba mkwe: mahekalu kwa gari, mahekalu kwa boti

Nianze na nyota kabisa. Mahekalu, tano. Boti za mtoni, tano. Kifurushi cha wakala, mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa sababu dereva alikuwa na adabu.

Tulitoka Mtwara watu watano: mimi, mume wangu, binti wa miaka kumi na miwili, mdogo wake wa miaka sita, na baba mkwe. Mzee miaka ya tisini alikuwa kwenye vito Tunduru. Wathai anawajua toka kule, walipokuwa wanakuja kununua yakuti. Miaka yote akisema iko siku atakwenda kuona mawe yake yalikokwenda. Msimu huu hela ya korosho ilipoingia, shule zikafungwa Desemba, tukafunga safari.

Wakala, wa Dar, alituuzia "mahekalu matano siku moja, chakula cha halali humo humo". Foleni za Bangkok usiombe. Hekalu dakika thelathini, barabarani saa nzima. Hicho chakula cha halali kilikuwa bufee yenye nguruwe kila trei ya pili, na mhudumu ukimuuliza anatabasamu tu. Watoto wakala wali mkavu na mayai. Kufika hekalu la tatu baba akasema, "Nyie nendeni, mie nalinda gari."

La nne ndilo lililomshusha: Wat Traimit, mtaa wa Wachina. Mle kuna Budha wa dhahabu, uzito wake kama tani tano na nusu. Kwa miaka mingi alikuwa amepakwa plasta, watu wanamwona sanamu ya kawaida tu. Mwaka 1955 wakiwa wanamhamisha akaanguka, plasta ikabanduka, dhahabu ikaonekana. Baba alisimama pale mpaka mwongozaji akaanza kutazama saa.

Kesho yake gari tukaliacha. Tukapanda boti za mto Chao Phraya zenye bendera ya rangi ya chungwa. Hizo ndizo daladala zao: watu wanakwenda kazini, konda anapita anachezesha kopo la chuma la tiketi, boti haijatulia vizuri watu wameshashuka. Wenye wazee washuke kwa uangalifu, haisubiri mtu.

Wat Pho ndiko kwa Budha aliyelala, mita 46 kichwa hadi nyayo. Mwanangu mdogo alijaribu kumpima kwa hatua akapoteza hesabu magotini. Nyayo zimenakshiwa kwa lulumizi, ukisogea inabadilika rangi. Ukutani kuna bakuli za shaba 108, watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, jengo zima linalia kling, kling. Sisi Waislamu hatukudondosha, binti akauliza kusikiliza je? Nikamwambia sikiliza mpaka uchoke. Humo humo kuna shule yao ya kukanda. Baba alikandwa miguu nusu saa na kijana wa kiume, tulimwomba awe wa kiume wakaelewa bila shida, na toka hapo hakulalamikia goti tena mpaka jioni.

Kivuko cha kwenda Wat Arun kinaanzia gati la Tha Tien, jirani tu. Nauli baht tano, kufumba na kufumbua mmefika. Watoto walikicheka, wamezoea cha Msangamkuu. Mnara wake umepambwa vipande vya sahani na vikombe vya Kichina, maua kwa maua, mpaka juu. Mimi niliwaza Kilwa Kisiwani, zile bakuli zilizopachikwa kwenye makuba ya msikiti mdogo. Ngazi zake zimesimama wima. Mwenye kizunguzungu abaki chini.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe. Nje ya Kasri la Mfalme watalii wanahangaika kununua suruali za tembo, mimi na binti tumepita na kanga zetu za Mtwara, askari akainamisha kichwa kwa heshima. Chukueni na ndala, viatu vinavuliwa kila mlango. Kiingilio cha kasri ni baht 500 kwa mgeni, mtoto chini ya sentimita 120 bure. Wa kwangu ana 118, nikamwambia asimame kawaida tu, asijinyooshe.

Ndani ya Wat Phra Kaew, hekalu la humo humo kasrini, kuna yule wanayemwita Budha wa Zumaridi. Ana sentimita 66 tu, amewekwa juu sana, na mfalme humbadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Kupiga picha marufuku. Baba alikodoa macho kutoka chini, akaninong'oneza, "Zumaridi ya ukubwa ule haipo." Kibao kikamuunga mkono: ni jiwe la jedi.

Ila kabla ya kuingia kasri tulipigwa changa la macho. Mwenye bajaji (zao wanaziita tuk-tuk, zina kelele kuliko zetu) alituambia kasri limefungwa kwa ibada mpaka mchana, atatuzungusha kwa baht ishirini. Msikubali. Kasri lilikuwa wazi. Akatupeleka duka la vito. Muuzaji akamwekea baba yakuti ya bluu kwenye kitambaa cheupe. Baba akaomba tochi, akalitazama kwa kituo, akalirudisha. "Hili limepikwa," akasema kwa Kiswahili, yaani limechomwa moto rangi ipendeze. Kisha akatugeukia: "Kule wananunua kwangu, huku wananiuzia mie?" Akaagiza maji ya kunywa, akanywa, tukatoka.

Chakula tulikipata sisi wenyewe, mitaa ya msikiti wa Haroon, karibu na mto. Wali wao wa kuku wa njano ni binamu wa biriani, watoto waliongeza. Usiku wa mwisho tukaagiza kuku wa korosho. Baba alizitenga pembeni ya sahani, akazihesabu: kumi na nne. Akaomba bei ya sahani, akaomba simu ya mume wangu, akagawanya, kisha akataja bei ya kilo moja mnadani kwetu na kuuliza kama wana kazi ya kubangua.