Kangara ya Weet-Bix kwenye mtambo wa lita 4: tathmini

New Zealand ni miongoni mwa nchi chache ambako mtu anaruhusiwa kukeneka pombe kali nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Ruhusa hiyo ipo tangu 1996, na ndiyo maana huko mitambo ya kukeneka inauzwa madukani kama birika za chai. Ndiko pia ulikoota mtindo wa kupika whisky kwa Weet-Bix, ile ile inayoliwa na maziwa asubuhi. Hapa tunatathmini vitu viwili kwa pamoja: Air Still ya Still Spirits, mtambo wa mezani wa lita 4, na Weet-Bix ya Sanitarium kama malighafi. Mtambo tunampendekezea anayejifunza. Weet-Bix tunaipendekeza kwa ladha yake. Kileo chenyewe usiitegemee ikupe.

Sheria kwanza. Kenya, Tanzania, Uingereza na Marekani, kukeneka nyumbani bila leseni ni kosa. Aliyeko huko aagize mtambo baada ya leseni, si kabla.

Sasa nafaka. Weet-Bix ni ngano nzima kwa asilimia 97. Kilichobaki ni sukari kidogo, chumvi, sharubati ya kimea cha shayiri, vitamini na madini ya chuma. Ngano hiyo imeshapikwa na kuokwa kiwandani, kwa hiyo wanga wake umeshafunguka. Anayetumia mahindi au ngano mbichi huchemsha uji muda mrefu huku akikoroga usishike chini. Hapa unamwaga maji ya moto, unakoroga dakika mbili, uji tayari. Hakuna faida nyingine ya nafaka hizi inayoifikia hiyo. Vitamini B1 iliyotiwa humo nayo inaifaa hamira.

Lakini wanga si sukari, na hamira haili wanga. Wapishi wa busaa wanalijua hili siku zote: unga uliochachuka na kukaangwa hauwi pombe mpaka utiwe kimea cha wimbi, kwa sababu kimea ndicho chenye vimeng'enya vya kuukata wanga uwe sukari. Neno "kimea" kwenye pakiti ya Weet-Bix limewapotosha wengi. Sharubati ile imepita kwenye tanuri; vimeng'enya vyake, kama vilikuwepo, vimekufa. Mtu akiloweka Weet-Bix, akatia hamira na kusubiri wiki, atapata uji mchachu na si zaidi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kilo 1 ya Weet-Bix ina wanga wa gramu 670 hivi. Ukikatwa wote na kuchachuka wote unatoa kama mililita 480 za alkoholi tupu, yaani asilimia 2 na ushee kwenye ndoo ya lita 20. Ukitaka asilimia 9 kwa nafaka peke yake utahitaji kilo 4, na pumba zake zitanyonya lita kadhaa za kangara (pombe iliyochachuka, kabla ya kukenekwa) ambazo huzikamui kirahisi. Njia ya busara ni kilo 1 kwa ajili ya ladha, na sukari kwa ajili ya nguvu.

Kwa lita 20: Weet-Bix kilo 1 (vipande kama 65), kimea cha shayiri kilichosagwa gramu 200, sukari nyeupe kilo 3, hamira kavu ya mkate gramu 50. Ponda Weet-Bix ndani ya lita 6 za maji ya nyuzi 72. Uji ukishuka hadi 66, tia kimea, funika sufuria kwa blanketi, na ushikilie joto kati ya nyuzi 62 na 67 kwa dakika 90. Kipimajoto hakina mbadala hapa. Ukitia kimea kwenye uji wa nyuzi 80 umekiua papo hapo. Ukiuacha ushuke hadi 50, kazi inazorota. Mwisho wa muda chukua kijiko cha uji, kiweke kwenye kisahani cheupe, dondoshea tone la iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, subiri nusu saa nyingine. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, umemaliza. Uji wenyewe pia unasema: ule uliokuwa mzito kama wa mgonjwa unalegea, unakuwa maji matamu yenye pumba.

Usiruke kimea kwa hoja kwamba nguvu itatoka kwenye sukari. Wanga usiokatwa utakusumbua baadaye, utakapofika kwenye mtambo.

Yeyusha sukari humo humo, ongeza maji baridi hadi lita 20. Haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika kinachoonyesha sukari iliyomo, isome karibu na 1.070. Hamira itiwe joto likiwa chini ya nyuzi 30. Ndoo ijae robo tatu tu, kwa sababu pumba hupanda juu na povu na kuziba kitundu cha hewa kwenye mfuniko. Siku mbili za mwanzo zikoroge ndani kwa mwiko safi.

Kinachokwamisha kangara ya sukari mara nyingi ni uchachu. Hamira inavyokula, pH (kipimo cha uchachu, kinachoshuka uchachu ukizidi) inashuka, ikipita 3.5 kwenda chini, mapovu yanasimama huku utamu ungalipo. Dawa yake ni ukonzi mmoja wa maganda ya chaza yaliyooshwa, kuchemshwa na kupondwa, yakae chini ya ndoo tangu mwanzo. Yanayeyuka kadiri uchachu unavyozidi, kisha yanatulia. Magadi usiguse, ni rahisi kuzidisha, na ladha yake haitoki. Katika nyuzi 25 hadi 28 kangara humaliza kwa siku 5 hadi 7, haidromita ikiwa imefika karibu na 1.000 na kilevi kikiwa asilimia 10 hivi.

Hatua inayofuata ni subira, na ndipo Weet-Bix inapodai ada yake. Ngano iliyosagika hivi huacha mashapo laini yanayoelea siku nyingi. Chuja pumba kwa kitambaa, hamishia kangara kwenye ndoo nyingine, iache mahali pa baridi siku 5 au zaidi, kisha nyonya kwa mpira kutoka juu bila kuvuruga chini. Kati ya lita 20 utapata 17 na nusu zilizo safi. Zilizobaki achana nazo.

Kwa nini usafi huo wote? Air Still inapashwa moto kitakoni, na moto huo haupungui wala kuongezeka: kuna swichi moja tu, washa au zima. Unga wowote uliobaki unatua chini, unaungua, na harufu ya ugali ulioshika sufuria inapanda na mvuke. Haitoki tena, hata ukikeneka mara ya pili. Wanga usiokatwa ndio mbaya zaidi, maana unashika kitako kama gundi na huku juu unafanya povu linaloingia kwenye koili, yaani mrija wa kupoza mvuke. Jaza lita 3 na nusu badala ya 4, weka vipande vya kauri vya kutuliza mchemko, na tone la dawa ya silikoni ya kuzuia povu.

Mengine kuhusu mtambo ni mazuri. Mfuniko wenyewe ndio unaobeba koili na feni, kwa hiyo hauhitaji bomba la maji. Kwa mtu wa nyumba ya kupanga, hiyo pekee inatosha kuuchagua. Unakula umeme wa wati 300 na kidogo, hivyo unachukua karibu saa nzima kabla ya tone la kwanza, kisha unatiririka taratibu. Utaratibu huo ni sifa njema, kwa sababu harufu zinakuja kwa mpangilio badala ya kuchanganyika. Chumba kiwe na hewa na kisizidi nyuzi 28 hivi. Kwenye joto la pwani mwezi wa Februari feni inapuliza hewa ya moto juu ya koili, spiriti inatoka vuguvugu na sehemu inapotea kama mvuke. Mvuke huo unashika moto, kwa hiyo jiko la gesi lisiwe chumba kimoja na mtambo, na mtambo usiachwe peke yake. Spiriti ikinge kwa chombo cha kioo, si cha plastiki.

Keneka mara mbili. Mzunguko wa kwanza ni wa kukusanya tu: kila lita 3 na nusu zitoe lita 1, yenye asilimia 32 hivi. Mara tano, unapata lita 5. Mzunguko wa pili gawa hizo lita 5 sehemu mbili, na hapo ndipo pa kutumia pua. Mililita 50 za kwanza mwaga. Zinanuka dawa ya kutoa rangi ya kucha. Zinazofuata kinga kwenye vichupa vya mililita 100, viandike namba, vifunike kwa kitambaa usiku kucha, unuse asubuhi. Kichupa cha 1 na 2 kwa kawaida bado vina ukali wa kuchoma pua: hicho ni kichwa. Kuanzia cha 3 hadi cha 8 inakuja harufu ya ukoko wa mkate na ngano iliyookwa, na ndiyo uliyoifuata: huo ni moyo. Baada ya hapo harufu inageuka boksi lililolowa maji: huo ni mkia. Kichwa na mkia, ukiacha zile mililita 50, vihifadhi uvirudishe kwenye duru ijayo.

Watu husema kumwaga hizo mililita 50 ndiko kunakoondoa methanoli, alkoholi yenye sumu. Si kweli. Methanoli hutokana hasa na pektini ya matunda; nafaka hutoa kidogo mno, na hiyo kidogo haitoki yote mwanzoni. Misiba kama ile ya Kenya ya Mei 2014, iliyoua makumi ya watu, hutoka kwa methanoli ya viwandani kutiwa kwenye pombe. Hatari ya nyumbani ni nyingine: madini ya risasi kutoka kwenye vifaa vya kuokoteza, hasa rejeta za magari, na moto.

Moyo wa sehemu zote mbili utakuwa kama lita 1.2 yenye asilimia 65. Kuishusha hadi 43 ongeza mililita 615 za maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yenye chokaa yataitia ukungu. Ukiitaka rangi na ulaini wa whisky, vipande vya mwaloni viwekwe kabla ya kushusha, ikiwa na asilimia 55 hadi 60. Mavuno ni chupa mbili na nusu za mililita 700, kwa saa 15 hivi za mtambo na uniti 5 za umeme. Ladha ni ya ngano laini, yenye utamu wa mbali, bila ukali wa shayiri. Ni nzuri kweli.

Konfleksi zinafuata kwa karibu. Chumvi yake ni nyingi zaidi, ila mahindi hutulia haraka na kangara inang'aa mapema. Nafaka za rangi na sukari, zile pete za watoto, tunawaomba watu waziache: unalipia sukari kwa bei ya mchezo, rangi inabaki kitakoni, na mafuta yaliyomo huchacha na kutoa harufu ya njugu za zamani.

Tahadhari kuhusu mitambo ya kusafisha maji inayofanana na huu, ya wati 750. Bei yake inavutia, lakini moto wake unachanganya kichwa, moyo na mkia. Kuufunga kidhibiti cha umeme kwenye waya mkuu hakusaidii, kwa sababu feni nayo inakula waya huo huo: ukipunguza moto, unapunguza na upozaji. Feni lazima itengwe ipate umeme wake kamili, na hiyo ni kazi ya fundi.

Anayetaka zaidi ya chupa tatu kwa mwezi atachoka na lita 4. Aende moja kwa moja kwenye T500 ya kampuni hiyo hiyo, yenye pipa la lita 25, ila ajue kwamba hiyo inapozwa kwa maji ya bomba, na bomba likikauka katikati ya kazi lazima azime papo hapo.