Kusoma uchoraji chuoni hapa Dodoma: uzoefu wangu

Vijana wengi wananiuliza kama kuna haja ya kulipa ada ya chuo ili kujifunza kuchora, wakati mafunzo ya bure yamejaa mtandaoni. Nimesoma sanaa za ufundi hapa Dodoma, na jibu langu ni ndiyo, hasa kwa sababu ya darasa la kuchora kwa kutazama.

Siku moja mwalimu aliweka kigoda juu ya meza, akatuambia tusikichore. Tuchore zile nafasi zilizo wazi katikati ya miguu yake. Darasa zima likaguna. Lakini ukizipatia zile nafasi, kigoda kinajitokeza chenyewe, na miguu inakaa inavyotakiwa. Kisha akapita meza kwa meza, akiweka kidole pale ambapo mstari umedanganya. Video haiwezi kukufanyia hivyo, maana haioni karatasi yako.

Jambo jingine ni Kondoa, wilaya ya mkoa huu huu. Michoro ya kale ya miambani ya huko, eneo la Kolo, iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuwa ameinakili mingi mwaka 1951. Ukiwa umejifunza mstari, unasimama mbele ya wale watu warefu wembamba wa rangi nyekundu huku moyo unakwenda mbio. Aliyewachora alijua nini cha kuacha.

Upungufu upo. Chumba chetu kilikuwa kidogo, waliokaa nyuma walikosa mwanga, na watu wa kuwachora tulikuwa sisi kwa sisi, kwa zamu. Hilo liliniudhi sana, kwa sababu mwili wa binadamu haujifunzwi kwa sura zilezile.

Vifaa unajinunulia. Penseli za HB zipo kila duka la vifaa vya shule. Za 4B na 6B, zinazotoa weusi wa kweli, nilikuwa naagiza Dar es Salaam. Mkaa wa kuchorea tulijitengenezea: vijiti vikavu ndani ya kopo, mfuniko umetobolewa tundu dogo, kopo motoni mpaka moshi ukome kutoka. Ukimaliza kuchora, funika kazi yako haraka, maana upepo na vumbi la Dodoma havina huruma na mkaa.

Ukiamua kwenda, anza na penseli ya 2B, laini kidogo kuliko HB, na daftari lisilo na mistari. Vingine utanunua mwalimu akishauona mkono wako.