Kikombe cha nailoni cha bunduki ya rangi: uzoefu wangu wa kukisafisha na kukitunza

Kikombe ninachokizungumzia ni kile cha mililita 600, cha nailoni, kinachokaa juu ya bunduki ya kupulizia rangi. Nakitumia kwa praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), rangi ya msingi na klia, ile ya juu isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Kwa kazi ya kawaida nakipa alama za juu: ni chepesi, mkono hauchoki haraka, na kwa kuwa mwanga unapenya unaona rangi iliyobaki bila kufungua kifuniko. Ila kinadai usafi wa kweli, na hasa sehemu mbili ambazo wengi huzipita: tundu la hewa kwenye kifuniko, na shingo inayoingia kwenye bunduki. Lawama nyingi zinazotupiwa bunduki hutokea hapo.

Nianze na tundu, kwa sababu ndilo linalosumbua kuliko vyote. Rangi inaposhuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Tundu likiziba, ndani ya kikombe panakuwa na mvuto unaoizuia rangi kushuka. Dalili yake haifichiki: bunduki inaanza vizuri, kisha mpulizo unapungua, unakatikakatika, halafu unakoma huku kikombe bado kina rangi. Legeza kifuniko kidogo. Rangi ikirudi kutoka sawasawa, umeshapata mkosaji, na hakuna haja ya kugusa nozeli, yaani tundu la mbele linalotoa rangi, wala kuongeza presha. Kifuniko changu kina kizibo kidogo cha plastiki cha kuzuia matone, kinachochomoka kwa kidole. Kichomoe kila unaposafisha na ukioshe peke yake, maana klia hupenda kujificha chini yake, na ikishakauka pale huioni mpaka ukitoe. Tundu lenyewe lizibue kwa kijiti cha mbao au unywele wa brashi. Ukichokonoa kwa msumari au sindano ya chuma, tundu linapanuka na rangi itaanza kudondokea juu ya kazi kila ukiinamisha bunduki.

Usafi wenyewe unaanza pale tu unapomaliza kupuliza, hasa kwa rangi za 2K, zile zinazochanganywa na hadina, yaani kigandishi. Hizo hazikauki kwa thina kuruka tu. Zinagandishwa na kemia, na zikishagandishwa thina haiziyeyushi tena. Mimi hufanya hivi: namwaga rangi iliyobaki, naweka thina kama mililita 50, nafunga kifuniko, natikisa, kisha nabonyeza triga hadi itoke yote kwenye kopo la taka. Mkupuo wa pili nasugua kuta na chini ya kikombe kwa brashi laini. Wa tatu unatakiwa utoke msafi kama ulivyoingia. Ukitoka na rangi, rudia. Mikupuo midogo mitatu inasafisha kuliko kujaza kikombe thina mara moja, na inakula thina kidogo zaidi.

Baada ya hapo funga hewa, toa presha iliyobaki kwa kubonyeza triga, ndipo ukifungue kikombe. Ndani ya shingo kuna chujio dogo la wavu. Litoe, lioshe kwa thina safi, kisha liinue kwenye mwanga: kila kijitundu kionekane. Rangi za metaliki ndizo mbaya zaidi hapa. Chembe zake zinakaa kwenye wavu na katikati ya meno ya shingo, yale ya kukazia, halafu zinajitokeza kwenye klia ya kazi inayofuata kama vumbi linalong'aa. Meno nayapiga mswaki wa kawaida uliochovywa kwenye thina, ya kikombe na ya bunduki pia.

Wakati wa kukirudisha, zungusha kwanza kinyumenyume mpaka usikie meno yamekaa, ndipo ukaze. Kaza kwa mkono tu. Meno ni ya plastiki, na spana itayala. Kikombe kikivuja kwenye shingo hata baada ya kukazwa kwa mkono, kuna rangi kavu kwenye meno au washa, ile pete ya kuzuia kuvuja, imeharibika. Nguvu haitatibu lolote kati ya hayo. Usipake grisi yenye silikoni pale kamwe. Kiasi kidogo tu kikiingia kwenye rangi kinaleta vijishimo vya duara juu ya kazi, vile mafundi wanavyoviita macho ya samaki. Tumia mafuta ya bunduki yasiyo na silikoni.

Mpulizo ukitetemeka na kulegeza kifuniko hakusaidii, angalia shingo iliyolegea, kisha pakiti ya sindano (kizuizi cha kuvuja kinachoizunguka sindano inayofungua na kufunga rangi), kisha nozeli. Ukiona mapovu yanapanda ndani ya kikombe wakati wa kupuliza, hewa inarudi kupitia nozeli isiyokaa vizuri au yenye uchafu kwenye kikalio chake. Ukiifungua nozeli, toa sindano kwanza ili ncha isikwaruzwe.

Kuhusu dawa za kusafishia: nailoni inavumilia thina za rangi za magari bila shida, lakini si kila plastiki ni nailoni. Vikombe vingine vigumu na angavu kama kioo hufanya ukungu na kupasuka vikikutana na asetoni au thina kali, kwa hiyo soma alama ya mtengenezaji kabla. Aluminiamu inastahimili thina, ila usiitie magadi makali, wala dawa za kubandua rangi zenye klorini, zinaila. Na kikombe cha aina yoyote kisilowekwe pamoja na bunduki nzima usiku kucha: thina inaingia kwenye njia za hewa, inaharibu pakiti na kuondoa mafuta.

Rangi ya maji ina utaratibu wake. Osha kwanza kwa maji au kisafishaji chake, wala usianze na thina, kwa sababu nyingine huganda papo hapo zikikutana nayo na kuziba chujio. Kausha kikombe kabisa kabla ya kurudi kwenye rangi ya thina.

Haya yote fanya penye hewa nyingi, mbali na moto na cheche, ukiwa na glavu za nitrili, miwani na barakoa ya kaboni. Thina iliyotumika iache itulie kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Uchafu ukizama, ya juu inafaa kwa mkupuo wa kwanza wa safari ijayo. Usiimwage kwenye mtaro.

Mifumo ya mifuko ya ndani ya kutupa inapunguza uoshaji wa kikombe, na kwa anayebadilisha rangi mara nyingi inafaa sana, lakini shingo na njia ya rangi bado utaviosha. Kwangu nailoni inatosha, mradi uwe na chujio na kizibo vya akiba. Kikombe kikague shingoni chini ya mwanga mkali: ukiona nyufa nyembamba zinazofuata meno, kibadilishe kabla hakijaachia kikiwa kimejaa rangi.