Chakula cha asili cha Uholanzi: ule nini, wapi, na mwezi gani

Wageni wengi huondoka Uholanzi wakisema chakula chake hakina ladha. Mara nyingi kosa si la chakula, ni la tarehe na mahali. Mtu anafika Amsterdam mwezi wa Julai, anaketi kwenye mgahawa wa barabara ya watalii wenye menyu ya lugha sita na picha za kila sahani, anaagiza viazi vya kuponda na soseji, kisha analetewa mlima wa chakula kizito kilichopashwa moto siku ya jua kali. Hicho ni chakula cha Januari. Wenyeji Julai hawakigusi. Wanakula heringi na kome. Upishi huu hutumia viungo vichache na vikolezo haba, kwa hiyo kiungo kilichopitwa na msimu hakina pa kujificha.

Tuanze na heringi, maana ndiye anayestahili safari peke yake. Samaki huyu huvuliwa kuanzia Mei, wakati ananenepa, na haruhusiwi kuuzwa kwa jina la Hollandse Nieuwe mpaka afikishe mafuta ya angalau asilimia 16. Mauzo hufunguliwa katikati ya Juni. Bandari ya Scheveningen, kando ya Den Haag, huwa na sherehe yake ya Vlaggetjesdag, na kasha la kwanza la msimu hunadiwa kwa ajili ya hisani. Jina hilo hutumika hadi mwisho wa Septemba. Baada ya hapo samaki bado yupo, ila si yule wa msimu mpya.

Wanaomwogopa kwa sababu ni "mbichi" wajue anavyotengenezwa. Hutolewa matamvua na matumbo kwa kisu kidogo, lakini kongosho huachwa ndani. Vimeng'enya vya kongosho ndivyo vinavyomlainisha na kumpa ladha, huku akiwa kwenye chumvi kidogo. Kisha sheria inataka agandishwe kwa angalau saa 24 katika nyuzi 20 chini ya sifuri, ili kuua minyoo aina ya Anisakis. Kwa hiyo hajapikwa, lakini pia hajatoka tu majini. Huyeyushwa siku ile ile ya kuuzwa.

Kibanda kizuri utakitambua kwa mkono wa muuzaji. Humsafisha samaki mbele yako, akamvua ngozi, akatoa mfupa wa kati na kuacha mkia unaounganisha minofu miwili. Nyama iwe ya rangi ya fedha inayoelekea waridi karibu na mfupa, na iwe inang'aa. Ukiona kingo zimekauka na kuwa kahawia, au mafuta yamegeuka manjano, huyo alisafishwa asubuhi na akaachwa kwenye sinia, pita. Harufu iwe ya bahari, isiwe ya samaki. Kitunguu nacho kiwe kimekatwa muda si mrefu, kwa sababu kikilala huwa kichungu na kufunika kila kitu. Kwa heringi wa Juni na Julai kitunguu kidogo kinatosha. Den Haag na Rotterdam wengi humshika mkia, wakainua kichwa na kumla kutoka chini. Amsterdam hukatwa vipande na kuliwa kwa kijiti, pamoja na achari ya matango. Asiyezoea aanze na vipande. Ukimtaka ndani ya mkate mweupe, uliza broodje haring. Katika Amsterdam, vibanda vya Frens Haringhandel pale Koningsplein na Stubbe's Haring kwenye daraja la Singel, si mbali na kituo kikuu cha treni, ni mahali pazuri pa kujaribu. Scheveningen kuna Simonis bandarini, na huko unaweza kukaa.

Kwenye vibanda hivyo hivyo kuna kibbeling: vipande vya samaki mweupe vilivyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa. Zamani vilikuwa mashavu ya chewa, sasa ni minofu ya samaki wa aina mbalimbali. Kanuni ni moja tu: vikaangwe baada ya wewe kuagiza. Vikichotwa kwenye lundo lililokwishakaangwa, ganda limeshanyonya mvuke na kulegea. Mkunga wa kukaushwa kwa moshi, anayesifika sana Volendam, ni mtamu kweli, lakini mkunga wa Ulaya yuko katika hatari kubwa ya kutoweka na hatumpendekezi.

Kome ni wa Zeeland, kusini-magharibi, na mji wake ni Yerseke. Msimu huanza mwezi wa Julai. Huletwa ndani ya sufuria nyeusi, kilo moja na zaidi kwa mtu mmoja, wamepikwa kwa mvuke wao wenyewe na kitunguu, seleri na liki. Tumia ganda tupu la kwanza kama koleo la kuwachomolea wengine. Ambaye hakufunguka baada ya kupikwa, mwache.

Majira ya kuchipua yana asparagasi nyeupe kutoka Limburg na Brabant. Huota chini ya udongo bila kuona jua, na mavuno husimama tarehe 24 Juni. Huliwa na yai la kuchemsha, paja la nguruwe na siagi iliyoyeyushwa. Ikiwa na nyuzinyuzi au uchungu mwisho wa shina, jikoni hawakuimenya vya kutosha. Hilo ni kosa la mpishi, na una haki ya kulisema.

Sasa viazi vya Januari. Stamppot ni viazi vilivyopondwa pamoja na mboga, na ile ya majani yaliyojikunja, jamii ya sukuma wiki, huitwa boerenkool. Kwa watu wanne ni kilo moja ya viazi, nusu kilo ya majani yaliyokatwa na rookworst moja, yaani soseji nene ya moshi. Maji yawe machache. Majani hulazwa juu ya viazi yaive kwa mvuke, takribani dakika 25, na soseji huwekwa juu mwishoni ili ipate moto bila kuchemka; ikitokota hupasuka na mafuta yake yote kuishia majini. Baridi kali ikishapiga majani shambani, sukari huongezeka ndani yake na uchungu kupungua, ndiyo maana Novemba hadi Februari ndio wakati wake. Viazi hupondwa kwa mkono na maziwa ya moto na siagi. Jiko linalotumia mashine ya kusaga hutoa gundi: ukichovya uma na viazi vikavutika, umepata jiko la namna hiyo. Shimo dogo katikati ya lundo ni la mchuzi wa nyama, na haradali huwekwa pembeni.

Ndugu yake ni hutspot, ya viazi, karoti na vitunguu, chakula cha mji wa Leiden. Kila tarehe 3 Oktoba mji huo huadhimisha kukombolewa kutoka mikononi mwa Wahispania mwaka 1574, na heringi na mkate mweupe hugawiwa asubuhi. Kama safari yako inaangukia siku hizo, lala Leiden, usilale Amsterdam, na uweke nafasi ya chumba mapema.

Supu ya njegere kavu, snert, ni ya baridi ile ile. Humo huingia njegere zilizopasuliwa, nyama ya nguruwe, liki, karoti, mizizi ya seleri na vipande vya rookworst, na huletwa na mkate mweusi wa nafaka ya rai. Iliyopikwa jana ni bora kuliko ya leo, kwa sababu njegere zinaendelea kulainika na supu kuwa nzito. Ikiwa nyepesi kama maji ya mboga, hiyo siyo.

Kwa vyakula hivi vya sahani, Amsterdam ina Moeders, barabara ya Rozengracht, ukutani pamejaa picha za akina mama na vyombo mezani havilingani kwa makusudi, na Haesje Claes pale Spuistraat, ambako vyumba ni vya mbao na menyu ni pana zaidi. Zote mbili hujaa, weka nafasi. Moeders ni bora kwa stamppot. Haesje Claes kwa kundi lenye wazee na watoto ambalo kila mtu anataka kitu tofauti.

Bitterballen, vidonge vya nyama vya kukaangwa, zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu mbaya na nzuri hufanana kwa nje. Ndani ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe. Kwa vidonge takribani 30: gramu 500 za nyama ya muundi, ichemshwe polepole saa tatu hadi iachane yenyewe, gramu 70 za siagi na gramu 80 za unga wa ngano vikaangwe pamoja bila kubadilika rangi, kisha nusu lita ya supu ya nyama hiyo hiyo imiminwe kidogo kidogo. Nyama, kungumanga na majani ya kotimiri ya Kizungu huingia mwisho. Mchanganyiko hulala kwenye friji usiku mzima. Hapo ndipo wengi huharibu: ukiwa vuguvugu haushikiki, ganda linakuwa jembamba upande mmoja na kupasuka ndani ya mafuta. Vidonge hupitishwa kwenye unga, ute wa yai na chenga za mkate, mara mbili, kisha mafuta ya nyuzi 180 kwa dakika tatu au nne, vichache kwa wakati mmoja. Mafuta yakipoa, ganda hunywa mafuta.

Kwa hiyo ukiletewa sinia lenye vidonge viwili vitatu vilivyovuja, jiko lina haraka. Kizuri kina ganda kavu linalolia, na ndani kuna uji mwororo wenye nyuzi za nyama zinazoonekana. Ndani kukiwa na unga mtupu wa kahawia, ni wa kiwandani wa bei ya chini. Subiri dakika mbili. Ndani hubaki na moto mkali baada ya ganda kupoa, na midomo mingi ya wageni imeungua hivyo. Toboa juu, acha mvuke utoke, chovya kwenye haradali. Ni chakula cha saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye baa za zamani za mbao.

Kroket ni kitu kile kile kwa umbo refu. Eetsalon Van Dobben, karibu na Rembrandtplein, wamekuwa wakiuza tangu 1945. Iagize ndani ya mkate laini na haradali. FEBO, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1941, huiuza kwenye vijisanduku vya ukutani: unalipa, unafungua kimlango, unachukua. Nenda saa za watu wengi. Kroket iliyokaa kwenye kisanduku hupoteza ukavu wa ganda, na pale panapouzwa haraka haikai.

Jibini: usinunue kwenye maduka yenye jibini za kijani na nyekundu zilizopangwa dirishani kwa ajili ya picha. Uliza boerenkaas, inayotengenezwa shambani kwa maziwa yasiyochemshwa. Umri ndio unaobadilisha kila kitu. Jonge ya wiki nne ni laini na tamu kidogo, nzuri kwa mkate wa asubuhi. Belegen ya miezi minne inaanza kusema. Oude, ya miezi kumi na zaidi, hukatika kwa vipande na ina punje ndogo ngumu zinazodhaniwa kuwa chumvi. Ni fuwele za asidi amino, na ni dalili njema. Onja kabla ya kulipa, muuzaji wa kweli atakukatia. Kwa safari ndefu chukua oude na uombe ifungwe bila hewa, baada ya kuangalia kama nchi yako inaruhusu jibini mpakani. Ya Leiden yenye bizari nyembamba na ya Friesland yenye karafuu hazipewi sifa zinazostahili. Soko la Alkmaar, Ijumaa asubuhi kuanzia majira ya kuchipua hadi Septemba, ni maonyesho mazuri yenye wabebaji waliovaa nyeupe. La Gouda, Alhamisi, ni dogo na unasogea karibu zaidi.

Ukiwa Gouda kula stroopwafel. Mkate mwembamba hubanwa kwenye chuma cha moto, hupasuliwa katikati kwa kisu ungali moto, kisha hupakwa shira ya mdalasini. Ukipoa kabla ya kupasuliwa, huvunjika. Nunua moja inayotoka kwenye chuma. Soko la Albert Cuyp, Amsterdam, lina kibanda chake, Jumatatu hadi Jumamosi. Zilizofunikwa chokoleti na peremende ni za kupiga picha. Poffertjes, vijipande vya unga wa bakwiti na hamira, ziletwe na siagi inayoyeyuka juu. Keki ya tofaa ipo Winkel 43, Noordermarkt. Nenda mapema, Jumamosi foleni ni ndefu. Bossche bol, donge kubwa lenye krimu na chokoleti nyeusi, ni la Jan de Groot mjini Den Bosch, hatua chache kutoka stesheni. Oliebollen, maandazi ya duara ya kukaangwa, huuzwa vibandani kuanzia Novemba hadi mwaka mpya.

Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe: snert, rookworst za kawaida na frikandel ziacheni; frikandel ni soseji ya kukaangwa na mara nyingi huchanganya kuku, nguruwe na hata farasi. Kroket huandikwa ya ng'ombe, lakini baadhi hugandishwa kwa jelatini, basi ulizeni. Kwenye nyumba za pannenkoeken, yaani chapati za maji za Kiholanzi, ombeni chapati ipikwe kwenye kikaango kisichopikiwa nguruwe. Kibanda cha samaki tu ndicho salama zaidi, kwa kuwa mafuta hayachanganywi na soseji. Rotterdam kuna kapsalon, iliyozaliwa huko mwaka 2003: chipsi, nyama ya shawarma, jibini iliyoyeyushwa, saladi, mchuzi wa vitunguu saumu na sambal ya pilipili, na maduka mengi ya shawarma huuza nyama ya halali.

Wenyeji hula chakula cha jioni saa kumi na mbili, na majiko ya miji midogo hufunga mapema. Ukifika saa tatu usiku utabaki na chipsi. Sehemu nyingi zinataka kadi na hazipokei taslimu, lakini beba euro chache kwa masoko. Bakshishi si lazima. Na ukinunua drop, peremende nyeusi za mizizi ya susi, anza na laini tamu kabla ya zile zenye chumvi mara mbili, na mwenye shinikizo la damu ale chache sana, kwa kuwa susi hulipandisha.