Semina ya gharama zisizo za moja kwa moja, Mtwara: inafaa, ila ina pengo

Nilihudhuria semina ya siku moja kwa wakandarasi wadogo, iliyoandaliwa na ofisi moja ya wahasibu hapa Mtwara katika ukumbi uliopo Shangani, kwa ada ya shilingi 50,000. Somo lilikuwa namna serikali inavyokagua gharama zisizo za moja kwa moja, yaani kodi ya ofisi, mlinzi, umeme na mishahara ya utawala, ambazo mkandarasi huzigawa kwenye kazi zake zote.

Mwezeshaji alianzia Marekani, ambako chombo cha kukagua mikataba ya ulinzi, DCAA, kiliundwa mwaka 1965. Nilishaanza kusinzia, mpaka alipofika mwaka 1985, kamati ya Bunge la huko ilipobaini kwamba General Dynamics, watengenezaji wa nyambizi, waliidai serikali hata malipo ya kumtunza mbwa wa bosi mmoja wa kampuni. Tulicheka, kisha tukanyamaza aliposema kwamba siku hizi anayedai gharama iliyokatazwa waziwazi hukatwa kiasi hicho, na juu yake hutozwa adhabu inayolingana nacho pamoja na riba.

Zoezi la mchana ndilo lililonirudishia ada yangu. Tulipewa bahasha ya risiti za kampuni ya kubuni, yenye gharama zisizo za moja kwa moja za shilingi milioni 40 dhidi ya ujira wa mafundi wa milioni 100, yaani asilimia 40. Tulipochomoa bia, faini za trafiki na michango ya harusi, zilibaki milioni 36. Kwenye mkataba wa kurudishiwa gharama, ile milioni 4 ingelipwa na serikali. Mimi nilikuwa nayawaza mafuta ya pikipiki ya mwanangu, ambayo kwa miaka miwili nimeyaandika chini ya "usafiri wa ofisi".

Kasoro ni kwamba wengi wetu hufanya kazi za bei iliyofungwa, yaani unalipwa kiasi kilichokubaliwa hata ukitumia zaidi au pungufu, ambako mkaguzi hana haja kubwa ya kupekua asilimia hizo, na jambo hilo lilielezwa baada tu ya mzee mmoja kuuliza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kazi ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ziliachiwa dakika 20 za mwisho, watu wakikusanya mikoba. Chakula cha mchana unajilipia mwenyewe.