Uzoefu wangu: bodi ya Speedster juu ya Beetle ya mjomba, hadi kadi ikatoka Mtwara

Kila nikiegesha Shangani, hapa Mtwara, kuna mtu atakuja kuuliza kama hii ni Porsche kweli. Si Porsche. Ni Volkswagen Beetle iliyovalishwa bodi ya faiba yenye umbo la Porsche 356 Speedster, ile gari ya wazi iliyotengenezwa 1954 hadi 1958, na kwenye kadi inasomeka Volkswagen. Naandika kwa sababu ushauri wa rangi na rimu unapatikana kila gereji, ila ukiuliza habari za makaratasi watu wananyamaza.

Nianze na gari lenyewe. Mjomba wangu wa Mikindani alikuwa na Beetle imesimama uani miaka mingi. Nilichokipenda zaidi kwenye gari lile ni kadi: ipo, ina jina lake mwenyewe, halijapita mikononi mwa watu watatu bila kubadilisha umiliki. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, kabla hujanipa hata shilingi, kagua chuma na kadi kama vinaongea kitu kimoja. Visipoongea, hilo ni banda la kuku."

Kwenye Beetle namba ya chasisi imegongwa kwenye mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Tuliinua kiti, tukasugua kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, halafu nikapitisha chaki juu yake. Tarakimu zikatokeza nyeupe, moja baada ya nyingine, na mjomba akawa anazisoma kwa sauti huku mimi nimeshika kadi. Ya injini iko kwenye bloku, chini ya mahali dainamo inapokaa. Zote zikalingana. Tukaandikishana mkataba wa mauziano, tukaenda TRA kuhamisha umiliki kabla sijagusa hata nati moja. Ningeshauri kila mtu afuate mpangilio huu: jina kwanza, bodi baadaye.

Sasa bodi. Beetle ina mita 2.4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Speedster ya kiwandani ina mita 2.1. Kwa hiyo bodi nyingi za aina hii zinataka chasisi ikatwe kama sentimita 30 na kuungwa upya. Nilikataa kabisa. Nikatafuta bodi iliyochongwa kukaa kwenye chasisi ndefu. Ndiyo, mjuzi akiangalia pembeni ataona gari limerefuka kidogo, lakini sikutaka kupeleka kwa mkaguzi chasisi yenye kovu la kuchomelea. Uingereza, hadi kanuni zilipobadilika 2025, ukikata chasisi ya gari la namna hii lilikuwa linapoteza utambulisho wake wa zamani: lilikwenda kwenye ukaguzi unaoitwa IVA, kisha likapewa namba inayoanza na herufi Q. Video nyingi tunazotazama zinatoka huko, na vijana wanadhani na hapa kuna mlango kama huo. Mimi sikuoneshwa. Nilichoulizwa ni chasisi ipi, ya nani, na nini kimebadilika.

Bodi ilitoka Uingereza, ikashuka Dar es Salaam, ikaletwa huku kwa lori. Wakala wa forodha wa kwanza niliyemwendea alitaka niagize kila kitu pamoja, fremu na injini ndani ya sanduku moja, eti yeye "ataandika spea". Nilimwacha. Forodha wana kanuni inayojulikana dunia nzima: kifaa kilichofunguliwa vipande, kikiwa na sura ya kitu kamili, kinahesabiwa kama kitu kamili. Yaani unaagiza spea, unatozwa gari. Tena huyohuyo alipendekeza kadi isome Porsche ya 1957. Huo ni uongo kwenye hati ya serikali, na gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. Wakala wa pili alifanya kazi safi: ankara ya muuzaji ilisema wazi ni bodi mpya ya gari, bila chasisi, bila injini, akaitangaza chini ya 8707, fungu la bodi za magari, nikalipa kilichostahili na risiti ninazo. Huyu nampa nyota zote.

Bodi yenyewe naipa nne kwa tano. Faiba ni nene, na kwa chumvi ya bahari yetu hilo ni jambo kubwa, maana Beetle ya bati pwani hii inaliwa kuanzia chini ya milango. Kioo cha mbele kilikuja na muhuri wake, dashibodi ni ya usukani wa kulia. Kasoro ni milango: mmoja ulikaa, mwingine ulibidi fundi ausage na kuupanga upya mpaka nafasi zikalingana. Mikanda ya usalama hakikisheni inafungwa kwenye chuma cha sakafu, isifungwe kwenye faiba. Faiba itachanika.

Kwenye ukaguzi wa polisi, afande hakushughulika na uzuri wa gari. Aliomba kiti cha nyuma kiinuliwe. Kwenye bodi hii hakuna kiti cha nyuma cha maana, kwa hiyo tulikuwa tumeacha kifuniko kinachofunguka juu ya namba ya chasisi, na kifuniko kile ndicho kilichorahisisha kila kitu. Akaangalia namba, taa za breki, indiketa, honi, breki ya mkono, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Akaandika ripoti kwamba bodi na rangi vimebadilika, chasisi na injini ni vilevile. Kwa ripoti hiyo TRA wakabadilisha taarifa.

Bima kubwa sikupata. Kampuni niliyoiendea ilishindwa kukubaliana nami thamani ya gari, nikachukua bima ndogo. Lakini niliwapelekea picha na kadi mpya, wajue wanachokikatia bima ni nini. Ada ya mwaka ya leseni ya gari haipo tena, ilifutwa 2017 na kuingizwa kwenye mafuta, kwa hiyo hilo halitakusumbua.

Barabarani liko vizuri. Nimeacha kimo cha Beetle, sikulishusha, na ukipishana na malori ya saruji Msijute utanielewa. Kwenda Lindi nakwenda alfajiri, kwa sababu injini hii inapozwa na upepo tu, na jua la mchana linaichosha. Mkanda wa feni wa akiba upo chini ya kiti muda wote.

Anayetaka kuanza, amwombe muuzaji wa bodi mambo mawili kwa maandishi kabla ya kulipa: kwamba bodi inakaa bila kukata chasisi, na kwamba ankara itasema bodi peke yake. Akisitasita kwenye lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.